Kasigau, Taita ama Lushoto? Ukitoka Mombasa na begi mgongoni kwa siku mbili tatu

Binamu yangu, mtoto wa mamangu mdogo, alinijia juzi barazani baada ya isha na simu mkononi, ati "Kaka, mie nataka kutembea siku tatu na begi mgongoni, nilale njiani niamke niendelee, lakini kila nikitafuta naletewa Mlima Kenya na Aberdare, kwani sisi huku Pwani hatuna pa kutembea?" Nikamwambia tunapo, tena pazuri, ila hakuna kibao cha kukwambia hapa kata kushoto. Tukakaa mpaka dele la mzee wa kahawa likaisha, na haya ndo niliyomwambia, nimeyapanga kidogo tu.

Kwanza tukubaliane karibu ni wapi. Mie nahesabu hivi: uondoke Mombasa baada ya swala ya alfajiri na jua lisikutulie barabarani. Kwa kipimo hicho zinabaki sehemu tatu za maana za kutembea na kulala, yaani mlima Kasigau, vilima vya Taita upande wa Wundanyi, na Usambara kule Lushoto, Tanzania. Nyingine ntazitaja kwa haraka, manake kuna za siku moja na kuna za watu wenye pesa zao.

Alafu kuna hili ambalo mie mwenyewe nilikosea mara ya kwanza. Watu huchagua mlima kwa urefu ama kwa picha, mimi siku hizi nachagua kwa maji. Mtu wa Mombasa hafundishwi thamani ya maji, sisi tunaonunua mtungi wa lita ishirini kwa mkokoteni mfereji ukikauka wiki nzima, lakini ajabu tukienda milimani tunasahau. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo haina mjadala. Kutembea kutwa kwenye joto la nyika mtu anataka lita nne hivi, na ukipika jioni zinaongezeka, kwahivo siku mbili bila pa kujaza ni kilo nane za maji peke yake, kabla ya hema, kabla ya sufuria, kabla ya nguo. Begi la kilo kumi na begi la kilo kumi na nane ni safari mbili tofauti kabisa hata kama njia ni ile ile.

Sasa Kasigau. Huu ndo wa karibu na ndo wa wikendi. Unashika barabara ya Nairobi, unavumilia malori ya Mazeras na Mariakani, Mackinnon Road unasimama pale msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli unaswali ama unanyoosha miguu tu, ukifika Maungu unaiacha lami unakata kushoto, vumbi kama kilomita thelathini na kitu mpaka Rukanga. Mlima ni mita 1,641, kwa namba si wa kutisha, lakini umesimama peke yake katikati ya nyika tambarare kama jahazi lililopwelewa, kwahivo kupanda ni kupanda kweli, hakuna vilima vya kukuzoesha. Vijiji vimeuzunguka chini, Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na vingine, kwa hiyo unaweza ukatumia siku ya kwanza kutembea miguuni mwa mlima kutoka kijiji hadi kijiji, ukalala, na ya pili ukapanda na kushuka. Mwenyeji lazima, kwa sababu chini kote ndovu wanapita, na ukishaona shamba la mahindi lililokanyagwa usiku mmoja hutauliza tena kwa nini wanakukataza kutembea alfajiri mapema ama jua likishatua.

Tulienda wanne, tena na vichwa vigumu. Tuliona kwenye picha juu kuna msitu wa ukungu, miti imevaa kuvu la kijani mpaka kwenye vijiti, tukasema hapo si kutakuwa na kijito, tukabeba lita mbili mbili. Saa nne asubuhi nusu ilikuwa imeisha na bado tuko kwenye mawe yanayochoma. Tukafika juu, kweli ukungu, kweli baridi, matone yanadondoka kutoka kwenye matawi moja moja, na kwenye njia tuliyopitishwa hakuna hata mfereji wa kulowesha ulimi. Mwenzetu mmoja akatega kifuniko cha sufuria chini ya tawi, tumekaa kama nusu saa tumekodoa macho kile kifuniko, ikapatikana funda moja na sisimizi wawili ndani. Mzee aliyetupandisha akacheka sana. "Mwanangu, hapa mlima unakunywa wenyewe, wageni haujui." Akatoa chupa yake akatugawia, nasi tuna aibu hata shukrani hatujui tuanzie wapi.

Huyo huyo mzee ndo alitusimulia habari ya 1915, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, Wajerumani walivyouteka mlima na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa wamewasaidia, wakawang'oa wakawapeleka Malindi. Mie nimesoma skuli hapa Mombasa na sikuwahi kusikia. Kwahivo Kasigau kama mlima nauheshimu, kama hadithi naupenda zaidi ya yote matatu, lakini kama safari ya siku tatu na begi haunitoshi, siku mbili umemaliza na mbili zote umebeba maji.

Taita ni kitu kingine kabisa, na wengi hawajui kwamba Kasigau, Sagalla pale juu ya Voi, na Dawida yenye Wundanyi wanahesabiwa pamoja kama vilima vya Taita, ilhali tabia zao haziingiliani hata kidogo. Ile Dawida ndo ninayoisema. Voi iko kama kilomita mia na hamsini na kitu kutoka hapa, unapinda njia ya Taveta, Mwatate unaanza kupanda kona kona mpaka masikio yanaziba, na ukifungua mlango wa gari Wundanyi baridi inakupokea kama umefungua friji. Kama huna gari si tatizo: treni ya asubuhi ile inayosimama stesheni ndogo ndogo inakushusha Voi, toka hapo ni matatu, tena mie naona treni ni afadhali kuliko kushindana na malori.

Maji huko si hoja. Vijito viko, mifereji ya mashambani iko, kila bonde lina maji na kila nyumba ina mtungi, unabeba lita moja na nusu unajaza njiani, unachemsha ama unatia dawa, maana juu yako daima kuna shamba na ng'ombe wa mtu. Hizo kabichi na sukumawiki unazonunua Kongowea, nyingine hushuka na malori ya usiku kutoka huko Werugha na Wundanyi, kwahivo ukitembea humo ni kama umeingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

Njia yenyewe mie nimeifanya hivi, siku tatu. Siku ya kwanza Wundanyi mpaka Werugha na msitu wa Ngangao, unapita kwenye matuta ya mashamba, watoto wanakufuata wakiuliza unaenda wapi na kwa nini usipande pikipiki. Ngangao si mkubwa, ni kipande tu cha msitu wa asili kilichobaki kimezungukwa na mashamba, lakini ukiingia ndani sauti inabadilika, kimya kizito, na humo ndo wako ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani ila vilima hivi, kama yule apalisi wa Taita ambaye amebaki kidogo mno. Usiingie kimya kimya, pita ofisi ya msitu uombe ruhusa, ulipe kinacholipwa, upewe mtu wa kwenda naye. Siku ya pili unaelekea Mgange na kilele cha Vuria, mita 2,208, ndo juu kabisa ya Taita yote, na hapa niseme ukweli kilele chenyewe kina minara ya mawasiliano na barabara inafika karibu, kwahivo usitegemee upweke, ila hewa ikiwa safi unaiona nyika ya Tsavo yote imelala chini mpaka macho yanachoka, na kama una bahati asubuhi Kilimanjaro anajitokeza. Ya tatu unarudi Wundanyi kwa kushuka, magoti yanalia, lakini unashuka.

Usiku wa kwanza mvua ilitukuta kabla hema halijasimama, tukajibanza kwenye kibaraza cha nyumba ya kwanza tuliyoiona. Mama mwenye nyumba hakuuliza sisi ni nani, aliuliza tumekula? Akaleta chai kwenye vikombe vya bati, maziwa mengi tangawizi kidogo, na kimanga kwenye sahani moja kubwa, ule mseto wa muhogo na maharage uliopondwa, moshi bado unatoka. Mwenzangu ni mtu wa pilau na biriani, hajali kitu kingine, alikula akaramba vidole akaomba tena. Asubuhi tukataka kumpa pesa akakasirika kweli, ikabidi tumwachie mtoto kalamu na sukari tuliyokuwa nayo. Hiyo ndo faida ya Taita ambayo huioni kwenye ramani: hutembei porini, unatembea kwa watu. Kwa mgeni wa mara ya kwanza hilo ni usalama, kwa anayetaka ajisikie peke yake duniani ni kero.

Kasoro zake? Njia ni nyingi mno. Kila kijia kinakwenda mahali, si lazima unakotaka wewe, na ukungu ukishuka Julai na Agosti mtu anazunguka kilima kimoja mara mbili akidhani ni viwili. Simu inasaidia lakini ramani haijui vijia vya kisimani, muulize mtu, na ukiuliza usiseme "ni mbali?" manake jibu ni "hapa tu" na hapa tu ya Mtaita ina mabonde mawili katikati.

Haya, Lushoto sasa. Hapa ndo mie na rafiki yangu mmoja hatujawahi kukubaliana, yeye anasema ukienda Lushoto hutarudi tena Taita, mie nasema inategemea una siku ngapi. Safari ni ndefu: Kusini mpaka Lunga Lunga, unavuka Horohoro, Tanga, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kutoka Mombo kilomita 33 za kupanda kona juu ya kona ndo Lushoto. Ukiondoka alfajiri magharibi inakukuta unashuka gari, kwahivo siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi hazihesabiki kama za kutembea. Chini ya siku sita usijisumbue.

Lakini ukiwa nazo, hakuna kinacholingana. Njia ya kawaida ni Lushoto kupitia msitu wa Magamba, Rangwi, mpaka Mambo na Mtae, siku tatu au nne, na raha yake ni kwamba hema unaliacha nyumbani. Unalala kwa watu, gesti za vijijini, Rangwi wengi hulala kwa masista, unapikiwa, begi lako ni nguo na sweta na maji kidogo, kilo saba nane tu. Mtu aliyebeba kilo kumi na nane Kasigau akibeba saba Usambara anaona kama amesahau kitu. Mbele ni misitu alafu mashamba alafu kijiji sokoni, matunda damu na pichi na peasi kwa msimu wake, vinyonga kwenye vichaka kama una jicho, na Mtae mwisho kabisa, kijiji kimekaa kwenye ukingo, nyumba upande huu na upande wa pili hewa tupu, chini nyika ya Mkomazi inakwenda mpaka Kenya. Nilikaa pale na mkate na chai ya rangi nikawa natafuta Taita kwa macho. Milima yote hii ni ya ukoo mmoja, kutoka Taita kaskazini mpaka Pare na Usambara kusini, ndo maana hata maua ni ndugu, yale maua madogo ya zambarau wanayofuga Wazungu kwenye madirisha yao asili yake ni hukuhuku.

Kiswahili chao hakina shida kwetu, ila adabu ya kule imekaa sawa sawa. Shikamoo sisi watu wa Pwani tunaijua, lakini huko unaamkiwa na kila mtoto wa njiani mpaka koo linakauka na marahaba. Usijibu "poa". Nimeona Mkenya mwenzetu akijibu poa, mama mmoja akamwangalia kwa huruma kama mtu aliyelelewa vibaya.

Gharama yake ndo inayouma. Taita unatumia nauli, chakula, kiingilio cha msitu na chochote cha mwenyeji. Lushoto ongeza pasi ya kusafiria, mwongozaji wa kulipwa kila siku, ada ya hifadhi ya Magamba, gesti kila usiku, na kubadilisha pesa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe, mie nimeulizwa. Na kama unaenda na gari lako hakikisha logbuku iko na jina linalingana, na bima ya COMESA, ile ya kuvukia mpaka, umeikata kabla, sisi tulifika mpakani tukiwa na bima ya kawaida tu tukijiona wajanja, tukakaa saa tatu tunahangaika huku na huku kwenye jua la Lunga Lunga, na yule mwenye gari hakusema nami mpaka Tanga. Bora uende basi mpaka Tanga ubadilishe pale.

Kuna watu wataniuliza mbona Amani sikuitaja, kule juu ya Muheza. Kweli iko karibu zaidi ya Lushoto, na kama una siku nne badala ya sita ndo jibu lako, msitu mnene wenye joto kidogo, bustani za mimea zilizoanzishwa na Wajerumani 1902, njia za siku moja moja unazoweza kuziunga zikawa mbili. Ila hutembei kutoka A kwenda B, unazunguka na kurudi, na mie kurudi nilikotoka hunitia uvivu.

Zingine haraka haraka. Shimba Hills na Arabuko Sokoke ni nzuri lakini si za begi la siku tatu, ndovu wako, nyati wako Shimba, unatembea na askari na jioni unatoka, basi. Maporomoko ya Sheldrick kule Kwale ni mazoezi mazuri ya kulainisha viatu vipya, unashuka kirahisi na unapanda ukijuta. Kilimanjaro kwa kupita Taveta na Holili unafika Moshi siku hiyo hiyo, lakini huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na bili inapita dola elfu moja, hiyo si wikendi hiyo ni mahari. Vilima vya Chyulu ni mbali, kuna simba, na juu hakuna mto hata mmoja kwa sababu lile jiwe la volkano linameza mvua yote, maji yake yanatokea chini kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima yanakuja kwa bomba mpaka hapa Mombasa. Kwahivo ukipigwa na kiu Chyulu jua maji yako yametangulia kwenda kwenu.

Wakati wa kwenda nao unabadilisha hesabu. Masika, Aprili na Mei, usiende popote kati ya hizi, Lushoto ni matope na barabara ya kupanda kutoka Mombo hainipi moyo. Kasigau mie naweka Juni mpaka Septemba tu, manake Januari na Februari kaskazi ikivuma ile nyika ni tanuri. Taita ni kinyume, Januari na Februari ndo hewa safi na unaona mbali, Julai ni ukungu na baridi ya kutetemesha meno, lakini kuna watu wanapenda hivo.

Binamu akanisikiliza yote, alafu nikamuuliza maswali yangu matatu. Siku ngapi? Tatu, bosi wake hampi ya nne. Pasi unayo? Hana, ameomba bado anangoja. Umeshawahi kubeba begi zito kwa kutwa? Akanyamaza. Basi ni Taita, nikamwambia, na Kasigau uende mwezi wa nane na mtu aliyewahi kwenda, lita nne kila mmoja na ya tano kwenye gari.

Akawa na furaha, akanionyesha hema alilokuwa amelitia jicho mtandaoni, la watu wanne, kilo sita. Nikamwambia liache hapo hapo, wewe na mwenzio linawatosha la kilo mbili na nusu la kuazima, pesa hiyo uende Kongowea kwenye mitumba Jumamosi mapema kabla marobota hayajachambuliwa, ukatafute sweta la sufu na soksi nzito jozi mbili. Mamangu mdogo aliyekuwa ndani akatoa kichwa dirishani, "Sweta? Na wewe Mombasa hii unataka sweta la nini?"